Kutiwa damu kwa ratiba: maswali ya wenye selimundu na thalasemia, Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila kliniki, kutoka kwa wazazi na kwa wagonjwa wenyewe waliokwisha kuwa watu wazima. Mtu mwenye haraka aanze na la 9, la 13 na la 17. Ndiyo yanayoponza wengi.

## Mambo ya mwanzo

1. Selimundu na thalasemia zinatofautianaje?

Zote ni maradhi ya kurithi ya himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Mwenye selimundu (sikoseli) anatengeneza himoglobini ya kutosha, ila ina kasoro: ikipungukiwa na oksijeni inajipanga nyuzi nyuzi, seli inapinda kama mundu na kunasa kwenye mishipa midogo. Seli nzima huishi kiasi cha siku 120. Yenye umbo la mundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20.

Mwenye thalasemia kubwa hatengenezi himoglobini ya kutosha. Anazaliwa mzima, kisha kati ya miezi 6 na miaka 2 anaanza kupauka, tumbo linajaa kwa bandama na ini, na asipotiwa damu mifupa ya uso na kichwa hutanuka kwa sababu uloto (uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) unafanya kazi kupita kiasi. Wapo pia waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja na thalasemia kwa mwengine. Hao hufuatwa kwa karibu kama wenye selimundu.

2. Baba na mama hatuumwi. Mtoto kaupata wapi?

Kwenu nyote wawili. Kila mmoja amebeba nusu ya kasoro bila kujijua. Kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto mgonjwa, nusu wa mbebaji kama nyinyi, na robo wa mtoto asiye na kitu. Robo hiyo si zamu. Aliyezaa mgonjwa hajamaliza fungu lake, na mimba inayofuata inaanza hesabu upya. Ndoa ya watoto wa ami haileti ugonjwa mpya, ila inaongeza uwezekano wa kukutana wabebaji wawili wa kasoro moja. Pimeni kabla ya posa kufika mbali.

3. Kipimo gani kinathibitisha?

Kipimo cha kuchambua aina za himoglobini (elektroforesisi au HPLC). Kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinapinda hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kusema hana wakati anao, kwa kuwa bado ana himoglobini nyingi ya tumboni mwa mama.

Sampuli itolewe kabla ya kutiwa damu mara ya kwanza, pamoja na sampuli ya grupu kamili (swali la 10). Mtoto akishatiwa, kipimo kinachanganya damu yake na ya mchangiaji, na itabidi kungoja kama miezi 3. Ikiwa hali ni ya dharura, sampuli inavutwa kwanza, hata kama ni mililita 2, kisha damu inatundikwa. Hilo halichukui dakika tano na linasahauliwa kila siku.

4. Mtoto ana selimundu na damu yake ni 7. Mbona hatiwi?

Kwa sababu huenda 7 (gramu za himoglobini kwa desilita ya damu) ndiyo kawaida yake. Wengi wenye selimundu wanaishi kati ya 6 na 9, na mwili umeshazoea. Maumivu ya kawaida ya mifupa nayo hayatibiwi kwa damu. Yanatibiwa kwa dawa za maumivu za kutosha na maji. Anatiwa damu pale inaposhuka ghafla chini ya kawaida yake, bandama inapovimba kwa kasi, kifua kinapobana na oksijeni kushuka, au anapopata kiharusi. Ndiyo maana kila mzazi aijue namba ya mwanawe siku za uzima.

Damu ikipanda mno ni hatari vilevile. Kwa mwenye selimundu hatuipitishi 11 hivi, kwani damu nzito yenye seli za mundu inapita kwa shida na inaweza kuleta kiharusi chenyewe.

5. Nani basi anahitaji kutiwa kwa ratiba?

Mwenye thalasemia kubwa, kila baada ya wiki 2 hadi 5, maisha yote au mpaka apandikizwe uloto. Lengo ni damu isishuke chini ya 9.5 hadi 10.5 kabla ya kutiwa tena. Ukingoja mpaka 6, mtoto anaishi lakini hakui, na mifupa inaharibika.

Mwenye selimundu aliyewahi kupata kiharusi, kwa sababu bila kinga zaidi ya nusu hupata cha pili. Pia mtoto wa miaka 2 hadi 16 ambaye ultrasaundi ya mishipa ya kichwa inaonesha damu inakimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1998 ulionesha watoto hao wakitiwa damu kwa ratiba, viharusi vinapungua kwa kiasi cha asilimia 90. Hapa lengo ni himoglobini ya mundu iwe chini ya asilimia 30, siyo namba ya damu peke yake.

## Siku ya kutiwa damu

6. Kiasi gani kinatiwa?

Kwa seli nyekundu zilizochujwa, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 ni mililita 200 hadi 300. Hesabu nyengine inayotumika: kilo, mara kiasi unachotaka damu ipande, mara 4. Kilo 20, kutoka 9 kwenda 12: 20 × 3 × 4 = mililita 240.

Chupa moja haimaanishi dozi moja. Mtoto wa kilo 9 hamalizi chupa, na mtu mzima wa kilo 60 hatoshwi na moja. Aliye na damu chini ya 5, au moyo umechoka, anatiwa kidogo kidogo, mililita 5 kwa kilo kwa wakati, polepole, kwa kuwa akijazwa kwa mkupuo maji yanapanda kwenye mapafu.

7. Siku hiyo inakwendaje?

Sampuli inachukuliwa kwanza, mara nyingi siku moja kabla, ili kupima damu na kulinganisha na ya mchangiaji. Chupa ikifika wodini, wahudumu wawili wanasoma kitandani: jina, namba ya faili, grupu, namba ya chupa, tarehe ya mwisho. Mzazi akiulizwa jina la mtoto hata mara ya tano, ataje. Majina yetu yanafanana, na wodi moja inaweza kuwa na Ali Juma wawili.

Damu inakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Ikitoka, itundikwe ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa 4. Jamaa anayetumwa kuichukua maabara asipitie dukani, asiiweke juani, na asiitie kwenye maji moto "ipate joto": seli zinapasuka na kinachoingia mwilini ni sumu. Mrija uwe wa damu, wenye kichujio. Pamoja na damu hakipiti kitu chengine isipokuwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, maji ya sukari yanaharibu seli, na dawa zinasubiri.

Dakika 15 za mwanzo ni polepole, nesi akiwa karibu, na joto, mapigo na pumzi vinaandikwa. Ndizo dakika ambazo makosa makubwa hujitokeza. Mzazi asitoke kwenda kununua maji wakati huo.

8. Nimwite nesi nikiona nini?

Baridi na kutetemeka, joto kupanda kwa nyuzi 1 au zaidi, vipele na kujikuna, kupumua kwa shida, maumivu ya kiuno au kifua, au mtoto kusema tu "najisikia vibaya". Damu inafungwa papo hapo, sindano inabaki mshipani na maji ya chumvi, na chupa haitupwi. Inarudi maabara pamoja na sampuli mpya. Vipele peke yake mara nyingi ni mzio mdogo na kazi huendelea baada ya dawa, lakini uamuzi huo si wa mzazi.

9. Alitiwa damu wiki iliyopita, sasa mkojo mweusi na macho ya manjano. Ni malaria?

Inawezekana, na apimwe. Lakini ikiwa ni siku 3 hadi 14 tangu atiwe damu (hata kufika wiki 4), fikirieni kwanza kwamba mwili wake unaivunja damu aliyopewa. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, maumivu yanarudi, na damu inashuka, pengine chini ya ilivyokuwa kabla ya kutiwa.

Neno la kwanza kwa daktari liwe: "Alitiwa damu tarehe fulani." Bila neno hilo ataonekana ana maumivu ya kawaida ya selimundu, apigwe chupa nyengine ya aina ileile, na moto uongezwe kuni. Kinachohitajika ni kutafuta kingamwili (askari wa mwili dhidi ya kitu kigeni) iliyoivunja damu ile. Na jambo gumu: baada ya miezi kingamwili hiyo inaweza isionekane tena kwenye kipimo, huku mwili ukiikumbuka. Kipimo cha mwaka kesho kitasema "sawa", na damu itavunjwa tena. Ulinzi uliobaki ni maandishi (swali la 23).

10. Grupu lake ni O chanya. Kwa nini haitoshi?

O na "chanya" ni alama mbili tu kati ya nyingi zilizo juu ya seli. Kwa anayetiwa mara moja maishani zinatosha. Kwa anayetiwa mara 13 kwa mwaka, mwili unakutana na alama ngeni tena na tena mpaka uunde kingamwili. Zinazosumbua zaidi ni C, c, E, e na Kell, hivyo inatakiwa zilinganishwe nazo. Hata pale ambapo damu ya kulinganisha kila alama haipatikani kila siku, orodha ya alama za mgonjwa, ndiyo grupu kamili, iandikwe mapema.

11. Ndugu zake wako tayari. Si bora damu ya nyumbani?

Si bora. Kwanza, ndugu wa baba na mama mmoja ndiye anayeweza kuja kumpa uloto (swali la 20). Damu yake ikitangulia, mwili wa mgonjwa unaweza kujifunza kuukataa uloto wake. Pili, damu ya jamaa wa karibu, hasa kwenye familia zilizooana, hubeba hatari ndogo lakini mbaya sana: seli nyeupe za mchangiaji zinajificha kwa kufanana, kisha zinamshambulia mgonjwa.

Ndugu wachangie, tena wengi, lakini chupa iingie benki ya damu kwa ajili ya mtu mwengine. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi. Mwanamme kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kila chupa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu haiuzwi.

12. Ramadhani damu inakuwa ngumu kupatikana. Tufanye nini?

Wachangiaji hupungua kwa sababu wamefunga. Familia ijipange mwezi wa Shaaban, au wachangiaji waje usiku baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Ratiba ya mgonjwa iwahishwe, isicheleweshwe.

## Madini chuma

13. Kwa nini mnasema damu inaleta sumu?

Chupa moja ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna mlango wa kukitoa. Kwa siku tunapoteza kiasi cha miligramu 1 tu. Chukua mtoto wa kilo 20 anayetiwa mililita 300 kila wiki 4: kwa mwaka ni mililita 3,900, sawa na takriban gramu 2.5 za chuma. Mwili mzima wa mtu mkubwa una gramu 3 hadi 4.

Ziada hiyo inakaa kwenye ini, moyo na tezi. Haiumi. Mtoto anacheza, anakwenda skuli, mpaka siku anachelewa kubalehe, anapata kisukari, au moyo unachoka. Mgonjwa wa thalasemia anayetiwa damu vizuri bila dawa ya kutoa chuma mara nyingi huuliwa na moyo.

14. Tutajuaje chuma kimezidi, na dawa inaanza lini?

Kwa kupima feritini (kipimo cha damu kinachoonesha akiba ya chuma mwilini) kila miezi 3. Dawa huanza baada ya kutiwa damu mara 10 hadi 20, au feritini ikipita 1,000. Lengo ni kati ya 500 na 1,000. Ikidumu juu ya 2,500 moyo uko hatarini. Usipime mtoto akiwa na homa au maumivu, kwa sababu maradhi yenyewe yanaipandisha feritini na utaongezewa dozi bure. MRI yenye programu maalumu inaona chuma ndani ya moyo na ini, na ni sahihi zaidi. Pasipo nayo, mwenendo wa feritini kwa mwaka una maana kuliko namba ya siku moja.

15. Kuna dawa gani za kukitoa?

*Deferasiroksi* ni kidonge mara moja kwa siku. Cha kuyeyusha ni miligramu 20 hadi 40 kwa kilo, kinakorogwa kwenye maji na kunywewa nusu saa kabla ya kula. Cha kumeza kina dozi ndogo zaidi (14 hadi 28), kwa hiyo usibadilishe aina bila hesabu mpya. Figo na ini hupimwa kila mwezi. Akitapika au kuharisha, dawa isimame mpaka apate maji mwilini. Chuma kinatoka kwa choo. Wengi wanaacha dawa hii kwa kuona mkojo haukubadilika rangi, wakidhani haifanyi kazi.

*Deferoksamini* (Desferal) ni sindano ya chini ya ngozi, saa 8 hadi 12, usiku 5 hadi 7 kwa wiki. Swali la 16.

*Deferiproni* ni miligramu 75 kwa kilo kwa siku, zikigawiwa mara tatu, na ni nzuri kwa moyo. Kwa mmoja hivi kati ya mia seli nyeupe huporomoka, hivyo zinahesabiwa kila wiki. Homa yoyote: acha dawa, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

16. Desferal nyumbani tunaitiaje?

Kichupa cha miligramu 500 kinayeyushwa kwa mililita 5 za maji ya sindano, na kila mililita inakuwa na takriban miligramu 100. Mtoto wa kilo 20 kwa dozi ya 30 kwa kilo anahitaji miligramu 600, yaani mililita 6: kichupa kizima na mililita 1 ya cha pili. Nawa mikono, zungusha kichupa kwa viganja mpaka dawa iwe safi bila vumbi, vuta, jaza mrija mpaka tone litoke, ndipo uchome. Changanya wakati wa kuitumia. Iliyopita saa 24 mwaga.

Sindano ndogo ya kipepeo inaingia tumboni, mbali na kitovu, au pajani, upande mmoja leo na mwengine kesho. Uvimbe mgumu unaowasha unatokana na mambo mawili: sindano imekaa juu mno, ndani ya ngozi badala ya chini yake, au dawa ni nzito. Sogeza kina, au muulize nesi kuongeza maji. Mkojo mwekundu kama matofali asubuhi ni chuma kinachotoka. Macho na masikio yapimwe kila mwaka. Homa pamoja na maumivu ya tumbo na kuharisha: simamisha, nenda hospitali, kwa sababu kuna bakteria wanaonenepa kwa dawa hii.

17. Kliniki wamempa FEFO "aongeze damu". Anywe?

Hapana, maadam anatiwa damu kwa ratiba. FEFO ni chuma pamoja na foliki asidi. Omba foliki asidi pekee. Sharubati za "kuongeza damu" za duka la dawa pia nyingi zina chuma, soma kibandiko. Hata kwa watoto wengine chuma si maji: utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 uliona watoto wadogo waliopewa chuma na foliki bila kupimwa, enzi malaria ikiwa nyingi, waliumwa vibaya na kufa zaidi.

Maini yapunguzwe. Choya, kisamvu na bitiruti ni chakula, havitibu ugonjwa huu na havina haja ya kuogopwa kwa kiasi cha mezani. Chai ya rangi pamoja na mlo inapunguza chuma kinachonyonywa. Hapa, kwa mara moja, chai ni ushauri wa daktari. Vitamini C ya vidonge isitumike peke yake bila dawa ya kutoa chuma. Chaza wabichi wasiliwe kabisa: bakteria wa baharini humshambulia vibaya mwenye chuma kingi.

## Hali za pekee

18. Anaweza kufunga Ramadhani?

Mwenye selimundu akikauka maji, seli zinapinda. Kwa wengi saa 13 bila maji ni kuita maumivu, na mgonjwa ana ruhusa yake. Mwenye thalasemia aliyetiwa damu karibuni na hali imetulia anaweza kuzungumza na daktari wake. Deferasiroksi huhamishiwa usiku kwa urahisi. Deferiproni ya mara tatu haiendi na saumu. Hukumu ya sindano ya chini ya ngozi muulizeni shehe, na sindano yenyewe iwekwe usiku, hoja ikaisha.

19. Tumechoka. Tunaweza kuacha damu tukatumia haidroksiyurea (dawa ya kunywa inayopunguza kupinda kwa seli)?

Kwa thalasemia kubwa, hapana. Kwa mtoto wa selimundu aliyekuwa na kasi kubwa ya damu kichwani, aliyekwisha kutiwa damu angalau mwaka na mishipa yake haikuharibika, ndiyo: utafiti wa mwaka 2016 ulionesha dawa hiyo inamlinda vilevile. Lakini kwa mpishano. Dawa inaanzwa, mara nyingi miligramu 20 kwa kilo, inapandishwa huku hesabu ya damu ikiangaliwa, na damu inapunguzwa kidogo kidogo. Kuacha ghafla bila dawa kunairudisha hatari ya kiharusi. Pale ambapo damu ya kila mwezi haina uhakika, haidroksiyurea inayonywewa kila siku ni bora kuliko ratiba ya damu inayokatika.

20. Upandikizaji wa uloto?

Ni tiba inayoweza kumaliza ugonjwa. Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana robo ya uwezekano wa kulingana. Mtoto mdogo, mwenye ini lisilo na chuma kingi, ndiye anayefaulu zaidi, na hapo swali la 13 linarudi.

21. Nina mimba.

Sema mapema. Haidroksiyurea, deferasiroksi na deferiproni husimamishwa, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Kliniki ya wajawazito itakupa FEFO kama mwengine yeyote: swali la 17.

22. Bandama yake kubwa. Msimu wa karafuu anaweza kupanda?

Asipande. Bandama iliyovimba inatoka nje ya ulinzi wa mbavu, na kuanguka hata kutoka tawi la chini kunaweza kuipasua na kutoa damu ndani. Achambue karafuu chini, jamvini. Mpira wa kugongana nao uachwe. Aliyekwisha kutolewa bandama akipata homa ya 38 ni dharura ya saa ile, siyo ya kesho asubuhi.

23. Tunatoka Pemba kwenda Unguja, na daftari limepotea. Tuanzie wapi?

Anzeni hospitali mlikotiwa damu mara ya mwisho, kabla ya boti. Rejista ya maabara inahifadhi grupu, tarehe na namba za chupa; omba zinakiliwe. Daftari jipya liwe na: aina ya ugonjwa na tarehe ya kipimo, grupu kamili, kingamwili zozote kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza, uzito, damu kabla na baada ya kila kutiwa, mililita ngapi, feritini, dozi ya dawa. Piga picha kurasa hizo na uziache kwenye simu mbili. Chukueni dawa za wiki mbili zaidi ya siku za safari, kwa sababu upepo ukichafuka boti hazitoki. Ikiwa mtoto anatakiwa kutiwa damu wiki hiyo, atiwe kwanza, ndipo msafiri.